Mtu Mzima Aende kwa Daktari wa Meno Mara Ngapi, na Aendeje

Mimi si daktari. Ni karani wa mapokezi katika kliniki ya meno hapa Kisumu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ni kufungua faili, kupokea pesa na kumwambia aliyeshika shavu akae pale karibu na dirisha penye upepo. Kadi za wagonjwa nazipanga mwenyewe, kwa hiyo ukitaka kujua watu wazima wa kwetu humwona daktari wa meno mara ngapi, fungua droo yangu. Kadi za watoto zina mistari mitatu, minne, kwa kuwa mama zao huwaleta. Kadi za hao mama zina mstari mmoja: tarehe, "maumivu, chini kulia", "limeng'olewa". Basi. Mtu huyo huyo akirudi miaka kadhaa baadaye kwa jino jingine, kadi ya kwanza ameshaipoteza, nambari ya simu amebadilisha, tunaanza upya kama wageni.

Si Kisumu peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilisema watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na watatu kati ya kila wanne wao wako katika nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Kenya imo. Daktari wetu aliichapisha kwenye karatasi akaibandika ukutani. Hakuna anayeisoma, aliye na jino linalopwita hana macho ya takwimu.

Haya ninayoandika ni ya mtu ambaye leo haumwi. Huyo ndiye simwoni kaunta.

Miezi sita si sheria

Watu hufika wakiwa wamekariri, "Tunaambiwa kila miezi sita," kisha huinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Inua kichwa. Miezi sita ni desturi iliyozoeleka tu. Uingereza, ambako huduma ya meno ya umma ina miongozo iliyoandikwa, mwongozo wa mwaka 2004 unasema mtu mzima arudi kukaguliwa kati ya miezi 3 na miezi 24, kutegemea hali ya kinywa chake. Baadaye watafiti wa huko huko waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 4. Wengine walirudi kila miezi sita, wengine kwa muda ambao daktari alimpimia kila mmoja. Mwisho wa miaka hiyo, fizi na meno ya makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika.

Usishangilie bado. Wale walikuwa watu waliokwisha kuzoea kwenda. Walikuwa na faili, walikuwa wamezibwa matundu, walijua jina la daktari wao. Wewe ambaye mara yako ya mwisho ilikuwa kung'olewa, au hujawahi kabisa kukalia kile kiti, hesabu yako haianzi na miezi. Inaanza na siku moja ya kukaguliwa ukiwa huna maumivu. Siku hiyo ndiyo daktari atakupimia muda wako. Usijipimie mwenyewe, na mimi nisikupimie. Ila naweza kukueleza ninavyomsikia akigawa tarehe, kwa sababu ni mimi ninayeziandika.

Mwenye kisukari hupewa miezi mitatu au minne mwanzoni, mpaka fizi zitulie. Sukari ikipanda mwilini fizi huoza haraka, na fizi zikiwa na uchafu wa maambukizi sukari nayo hukataa kushuka. Vitu hivyo viwili vinasukumana, na wengi wanaokwenda kliniki ya sukari kila mwezi hawajawahi kuambiwa.

Anayevuta sigara, anayetafuna kuberi au tumbaku, na kijana wa miraa anayeshushia na soda, hao huandikiwa miezi sita. Kwao daktari hukagua hata chini ya ulimi na ndani ya mashavu, si meno tu.

Mama mjamzito aje angalau mara moja, na miezi ya katikati, ule wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye raha zaidi kukaa kwenye kiti. Fizi huvimba na kutoka damu katika ujauzito kwa sababu ya homoni. Kusafishwa meno hakumdhuru mtoto. Mama mkwe akisema vinginevyo, mwitikie kwa heshima na uje.

Mwenye dawa za presha, hasa amlodipine au nifedipine, na mwenye dawa ya kifafa iitwayo phenytoin, akiona fizi zinakua na kuanza kufunika meno, aje bila kungoja tarehe. Dawa zenyewe zinaweza kufanya hivyo. Usiache kuzimeza, daktari wa meno atamwandikia aliyekupa, wazungumze wao. Anayetumia ARV, pamoja na yeyote mwenye kinywa kikavu kwa sababu ya dawa, ni miezi sita.

Mwenye meno ya bandia ni mara moja kwa mwaka, hata kama hana jino lake hata moja. Wazee hunicheka nikisema hivyo. Yupo mzee mmoja kutoka Seme, wa kizazi kile cha Wajaluo walioondolewa meno sita ya mbele ya chini ujanani kama desturi, ambaye huja kumsindikiza mkewe. Hugoma kukaguliwa akisema, "Nyathina (mwanangu), haya sita yalitoka bila daktari na bado nakula nyama." Daktari humjibu kwamba ndiyo sababu anayataka kuyaona yaliyobaki.

Na mtu mwenye kinywa kitulivu, asiye na tundu, asiyetoka damu, hurudi baada ya mwaka. Akija miaka miwili mitatu mfululizo akiwa hivyo hivyo, huweza kuambiwa miezi 24. Hao wapo. Ni wachache, na karibu wote ni watu ambao chai hunywa bila sukari.

Tarehe yoyote utakayopewa, usiifunge kwenye Januari. Januari ni ada na sare, na mwisho wa Agosti ni muhula wa tatu. Nimeona tarehe nyingi nzuri zikifa mikononi mwa fomu za shule. Chagua mwezi ambao kwako pesa huingia: kama unalima miwa upande wa Muhoroni, ni baada ya malipo, kama umeajiriwa, ni wiki ya kwanza ya mwezi usio wa kufungua shule.

Jikague kwa tochi ya simu

Kati ya tarehe na tarehe, mara moja kwa mwezi simama mbele ya kioo mchana, washa tochi ya simu, nawa mikono. Vuta mdomo wa chini uone fizi, kisha wa juu. Fizi nzuri imeshika jino kama kola ya shati iliyopigwa pasi. Mbovu imevimba, ina ukingo mwekundu, na ukipitisha mswaki inatoka damu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 uliwakuta watu wazima wengi mno hapa Kenya na fizi zinazotoka damu, kwa hiyo usishtuke, lakini usizoee. Tena usiache kupiga mswaki mahali hapo kwa kuogopa damu. Unapoacha ndipo ukoga unapozidi, na damu nayo.

Angalia meno ya nyuma, yale ya kutafunia. Doa jeusi kwenye mfereji wa jino, ukingo uliomeguka, mahali ambapo omena hunasa kila siku pale pale: hayo ni matundu yanayoanza au yaliyokwisha kuanza. Tafuta kipele kidogo kwenye fizi kinachotoa usaha kisha kinakauka, kinarudi. Hakiumi, ndiyo maana watu hukaa nacho mwaka mzima. Maana yake ni kwamba mzizi wa jino la karibu umeoza na usaha umejipatia mlango.

Toa ulimi nje, ushike kwa kitambaa, uvute kulia na kushoto. Kidonda ambacho hakijapona ndani ya wiki tatu, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, halingoji tarehe. Mara nyingi litakuwa si kitu. Muda ukipita, na kama ni saratani, kila mwezi una bei yake.

Wapi, na kwa nani

Watu wengi wa kijijini hudhani meno ni mambo ya mjini na ya kliniki za kulipia. Hospitali nyingi za kaunti ndogo zina chumba cha meno. Humo unaweza kumkuta daktari wa meno mwenye shahada, au afisa wa afya ya kinywa aliyesomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Huyu afisa hung'oa meno ya kawaida, husafisha, huziba matundu madogo, na jino likimshinda hukuandikia barua ya kwenda juu. Kwa kukaguliwa na kusafishwa anatosha kabisa. Usisubiri mpaka upate nauli ya Kisumu. Barua za kwenda juu kwa upande wetu huishia hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti; wa Nakuru huenda hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, wa Eldoret na Uasin Gishu huenda Moi, ambako pia wanafunzi wa udaktari wa meno hufundishwa. Chuo chenye wanafunzi si cha kuogopa. Wanachelewa, ni kweli, lakini nyuma ya kila mwanafunzi kuna mwalimu anayechungulia.

Ukienda kliniki ya kulipia usiyoijua, angalia leseni ukutani. Baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, lina orodha kwenye mtandao ambapo unaandika jina la mtu au la kituo na kuona kama yumo. Maafisa wa afya ya kinywa nao husajiliwa huko. Kule ndani, vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, glavu ziwe mpya, sindano ifunguliwe ukiona. Ukiona aibu kuuliza, sema tu, "Daktari, naomba nione mkifungua." Daktari mzuri hakasiriki.

Na yule anayezunguka sokoni na chupa ya dawa ya "kutoa mdudu wa jino", akikufukizia moshi kisha akakuonyesha kiduduwasha kwenye pamba, mpishe. Hakuna mdudu. Jino huozeshwa na bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni na kutoa asidi inayomomonyoa ganda la jino. Hawaonekani kwa macho, sembuse kwenye pamba.

Sasa saa. Njoo asubuhi. Kwetu Jumatatu na Jumanne ndizo siku mbaya, kwa sababu soko la Kibuye hufurika Jumapili, na mfanyabiashara aliyeumwa tangu Ijumaa haachi meza yake mpaka soko lipite. Jumatatu anakuja na shavu limevimba na foleni inafika kwenye ngazi. Wewe wa kukaguliwa njoo Jumatano au Alhamisi. Utapata daktari ambaye hajachoka na ana muda wa kukujibu.

Ukifika kaunta

Kula kabla ya kuja. Hili narudia kila siku. Watu hufunga kana kwamba wanakwenda kupasuliwa tumbo, kisha wakichomwa sindano ya ganzi wanazirai, na si ganzi iliyowaangusha bali ni njaa na hofu. Uji na kipande cha kiazi vinatosha. Piga mswaki baadaye.

Meza dawa zako za presha na za sukari kama kawaida, kisha ziweke kwenye mfuko uje nazo. Usiniambie "kadogo keupe ka mviringo." Nusu ya vidonge vya Kenya ni vidogo, vyeupe, vya mviringo. Kama unameza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, au dawa nyingine ya kuyeyusha damu, sema kwa sauti, na usiiache mwenyewe kabla ya kuuliza. Kama ni mjamzito au huenda ukawa, sema. Kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha uso au kukutoa vipele, sema. Kaunta yetu iko wazi na watu wanasikia. Ukiwa na jambo hutaki lisikike, niombe karatasi, uniandikie.

Kuhusu hofu, daktari ninayefanya naye kazi hukubaliana na mgonjwa ishara ya kuinua mkono wa kushoto. Ukiinua, anasimama. Ombeni hilo popote mwendapo. Watu wazima wenye umri wa baba yangu wameniambia walichukia daktari wa meno tangu shule ya msingi, siku waliposhikwa miguu na kung'olewa kabla ganzi haijashika. Jino lililojaa usaha ganzi hushika kwa shida, hiyo ni kweli ya mwili. Jino ambalo bado haliumi, ganzi hulishika vizuri. Kwa hiyo anayeogopa sindano zaidi ndiye mwenye faida kubwa ya kuja mapema, na ndiye anayechelewa kuliko wote.

Mambo mengine ninayoulizwa kwa kunong'onezwa: hapana, kung'oa jino la juu hakupofushi jicho. Na hapana, kusafisha meno hakuyalegezi. Ukoga uliokauka hukaa kwenye shina la jino mithili ya saruji huku mfupa chini yake ukiliwa polepole. Ukibanduliwa, unagundua jino lilikuwa limelegea zamani. Likisafishwa mapema, fizi hurudi kushika.

Kung'oa au kuziba, na pesa

Hapa ndipo mtu mzima wa kwetu hukosea hesabu, na simlaumu. Kung'oa ni bei ndogo leo, kuziba ni bei kubwa kidogo, kutibu mzizi ni bei ya mbuzi. Mtu aliye na pesa ya siku moja huchagua kung'oa. Lakini pengo lina gharama inayofuata: meno ya jirani huanza kulala upande wa pengo, la juu hushuka kutafuta mwenzake, chakula hunasa mahali papya, na baada ya muda kuna tundu jingine. Halafu unakuja kuuliza bei ya jino la bandia.

Tundu lililo kwenye ganda la nje na tabaka la pili huzibwa, mara nyingi kwa kikao kimoja. Likifika kwenye moyo wa jino, ambako kuna neva na damu, ndipo maumivu ya usiku huanza, na kuziba tu hakufai tena; ni mzizi au ni koleo. Kati ya hatua hizo mbili kuna miezi mingi, pengine miaka, ambayo jino halisemi kitu, au linasisimka tu ukinywa maji baridi. Ule msisimko ndio wakati wa kuja.

Kabla hujakubali chochote, uliza maswali matatu: Jino hili linaweza kuokolewa? Gharama yote ni ngapi hadi mwisho, si ya leo tu? Nikisubiri miezi mitatu nitafute pesa, kitatokea nini? Hilo la tatu watu hawalitumii, na lina nguvu. Kuna matundu yanayoweza kungoja yakiwekewa dawa ya muda, na kuna yasiyongoja hata wiki. Akijua hali yako ya mfuko, daktari anapanga lipi litangulie.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na asiye na mshahara huchangia si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Usidhani kwa kuwa umelipia basi kila kazi ya meno imelipwa. Niulize mimi au karani yeyote kabla hujakalia kiti: "Kazi hii, hapa, inalipwa na bima yangu?" Ukiuliza baada ya kazi, jibu halikusaidii. Walimu, polisi na wengine wenye bima ya mwajiri, angalieni kiasi cha meno mlichopewa kwa mwaka. Kila Desemba naona watu wanaogundua kilikuwepo na kinaisha na mwaka.

Kwa asiye na bima, kinachofanya kazi ni chama. Kundi moja la akina mama wanaouza mboga walianza kutoa shilingi 50 kwa wiki kando ya mzunguko wao wa kawaida. Ni shilingi 2,600 kwa mwaka kwa kila mmoja, na haziguswi ila kwa kinywa au macho. Huja wawili wawili, siku ya Jumatano, mmoja anakaguliwa na mwingine anamshikia mkoba. Kadi zao katika droo yangu zina mistari mingi kuliko za wafanyakazi wa benki ya ng'ambo ya barabara.

Likikuuma usiku

Meza paracetamol kwa kipimo cha kwenye pakiti, usizidishe. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, toa chakula kilichonasa kwa uzi wa meno, lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Mafuta ya karafuu kidogo kwenye pamba hutuliza kwa muda. Aspirini usiibandike kwenye fizi. Huunguza nyama, na asubuhi unakuja na jino bovu pamoja na kidonda. Mwenye vidonda vya tumbo asichukue diclofenac wala brufen ya duka la jirani. Antibayotiki iliyobaki ya shemeji usiiguse: haizibi tundu wala haitoi kilichooza ndani, na uvimbe ukitulia utasema umepona, urudi miezi miwili baadaye ukiwa hali mbaya zaidi.

Lakini kama uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, mdomo haufunguki, unashindwa kumeza mate, una homa, au pumzi inabana, usingoje kliniki ifunguliwe. Nenda kasualti ya hospitali kubwa usiku huo huo, hata kwa boda. Usaha wa jino ukishuka shingoni huziba njia ya hewa, na huua.

Ukishang'olewa

Uma pamba kwa nusu saa bila kuichungulia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinywe pombe. Lile donge la damu ndilo bandeji. Ukiling'oa kwa kutematema, mfupa unabaki wazi, na siku ya tatu unapata maumivu yanayopanda hadi sikioni, makali kuliko ya jino lenyewe. Yakikupata, rudi, yana dawa. Ganzi hudumu saa mbili tatu hivi, na kabla haijaisha usile, utajiuma mdomo bila kujua. Ugali wa moto ungoje kesho. Leo kula kitu laini kilichopoa. Kuanzia siku ya pili sukutua maji ya chumvi taratibu baada ya kila chakula.

Neno kwa watu wa Nakuru, na kuhusu mswaki

Nimezaliwa Njoro, na meno yangu ni ya kahawia. Wagonjwa huniangalia na kujiuliza nafanya nini kliniki ya meno. Ni madini ya floraidi kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa tuliyokunywa tukiwa watoto, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya kwetu hupita hapo. Kuchemsha hakuyatoi; maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki ile ile ndani ya maji machache. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu hiyo, na maji ya mvua ni salama zaidi kwa mtoto aliye chini ya miaka minane.

Watu wa kwetu wengi hawaendi kwa daktari wa meno kwa aibu ya rangi, wakidhani ataanza kuwagombeza. Kahawia si uchafu wala si kuoza. Usilisugue kwa mchanga, mkaa wala limau, unalimaliza ganda. Daktari anaweza kulifunika kwa mbele ukitaka, ukiwa na pesa. Lakini jino la kahawia nalo hutoboka, na kwa kuwa lina madoa tayari, tundu jipya hulioni kwenye kioo. Wewe usipitishe mwaka.

Mtu mzima, hata wa Nakuru, atumie dawa ya meno yenye floraidi. Kwenye boksi tafuta ppm 1,000 hadi 1,500. Meno yako yamekwisha kujijenga, hayatabadilika rangi. Piga asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili, kisha teme povu na usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki. Mswaki wa mti ni mzuri kwa anayeujua, ila upake dawa juu yake. Na sukari, tatizo si wingi tu bali ni mara ngapi. Vikombe viwili vya chai ya sukari pamoja na chakula si sawa na soda moja unayoifyonza kidogo kidogo kutoka Kondele mpaka Ahero.

Ukimaliza kukaguliwa, usitoke mlangoni bila tarehe. Iandikwe kwenye kadi, na kadi uipige picha kwa simu maana karatasi hupotea. Toa na nambari ya mtu wa pili, mke au dada, maana laini zenu mnabadilisha. Tutakupigia siku mbili kabla. Kama huwezi kuja, sema tu, haina neno. Nafasi yako nitampa mmoja wa wale walioshika shavu, na wewe nitakuandikia Jumatano inayofuata.